Ratiba moja kwa wazee wote si usawa (jibu kwa dada wa Malindi)

Dada, umeuliza hivi: nyumba yenu ya kutunza wazee hapo Malindi ina Waislamu, Wagiriama Wakristo, na babu mmoja aliyekimbia kwao kwa kusingiziwa uchawi, je, ratiba moja kwa wote inatosha? Haitoshi. Kifungu cha 57 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila aliyefika miaka 60 haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na ratiba moja humdhulumu yule asiyefikiriwa ilipopangwa.

Anzeni na kitanda. Mzee aliyepooza hugeuzwa kila baada ya saa 2, la sivyo visigino, nyonga na sehemu ya juu ya matako huchubuka na kuwa vidonda. Sasa, huku kwetu kibla ni kaskazini. Mwislamu akilazwa kichwa mashariki, kisha akageuzwa ubavu wa kulia, uso unaelekea kibla; zamu ya ubavu huo ipangeni iangukie wakati wa sala. Asiyeweza kutumia maji awekewe udongo safi kwenye sahani, mkono unapofika, atayamamu, yaani ajitoharishe kwa udongo badala ya maji. Kinachoharibu mambo mara nyingi ni nepi: hubadilishwa kwa saa za mhudumu, na bibi wa watu anakosa sala kwa sababu ya najisi. Badilisheni kabla ya adhana.

Ramadhani, mwenye kisukari msimwamulie. Kabla ya mwezi kuandama akae na daktari, na imamu pia kama mzee mwenyewe anataka, dawa zipangwe upya. Akifunga, pimeni sukari mchana pia; ikishuka chini ya 3.9 mmol/L afungue papo hapo, hata kama magharibi imekaribia.

Kuoga: mwanamke aogeshwe na mwanamke, na sehemu isiyooshwa ifunikwe leso. Aliyepoteza kumbukumbu naye aulizwe kabla ya kuguswa. Akikaza mkono, amekataa. Mwacheni, mrudi baada ya nusu saa.

Huyo babu ndiye anayenitia wasiwasi zaidi. Tuhuma za uchawi katika kaunti yenu ya Kilifi mara nyingi zina ugomvi wa shamba nyuma yake. Kwa hiyo mgeni aingie kwa idhini ya babu mwenyewe, na anayekuja na karatasi ya kutiwa kidole gumba asiachwe naye peke yao, hata akiwa mwanawe. Ndani ya nyumba, angalieni meza ya chakula. Wahudumu au wazee wenzake wakianza kumkwepa, msimamizi akae ale naye siku hiyo hiyo. Mkinyamaza, babu ataanza kula chumbani, na watu watasema amependa mwenyewe.

Pesa za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa aliyefika miaka 70, ni za mzee, si za nyumba. Kitambulisho akae nacho yeye. Akimtuma mhudumu kuzichukua, kiasi kiandikwe daftarini mbele yake, asomewe, ndipo atie sahihi.