Re: Nani anaamua ahadi za tabianchi Kisumu?
Ndugu, umeuliza tumshike nani kuhusu ahadi za tabianchi za jiji, maana baraza la madiwani halipo. Kweli, lilikoma 2013. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 ilileta bodi ya jiji na meneja, lakini bajeti hupitishwa na bunge la kaunti. Basi malalamiko ya mtaro unaofurika Nyalenda, mtaa wa hapo Kisumu, yasiishie mezani kwa bodi.

Makadirio ya bajeti hufika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, ila mimi ningeanzia mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti, unaowasilishwa kufikia Septemba 1. Mradi usioandikwa humo hupata fungu kwa taabu sana. Andikeni memoranda (maoni yenu kwa maandishi), mtaje mitaa, mwakilishi wadi apokee nakala na kuitia sahihi.