Maswali yenu: kujitolea, moyo na nauli ya mfukoni

Wiki hii wengi mmeandika kuhusu kujitolea kwenye jamii wakati wenyewe mnaunga unga. Twende.

Eti kujitolea kunaondoa msongo wa mawazo?

Kunaweza. Ukitoka nje ukakaa na wenzako, mtu akakuuliza unaonaje wewe, unajiona mtu. Ila hizo habari za jitolee upate furaha zisomeni kwa akili, maana mwenye muda, afya na hela ndo anajitolea kirahisi, sasa hiyo furaha aliipata huko au alikuja nayo?

Nazunguka nyumba kwa nyumba kwa niaba ya kliniki, napima watoto, najaza rejista, nauli na vocha natoa mwenyewe. Nikiulizia posho naambiwa moyo hauna bei.

Anayekwambia hivo muulize mshahara wake unaingia tarehe ngapi. Hili nitalisema mpaka mnichoke: ukiwa na zamu, rejista na msimamizi wa kukugombeza ukichelewa, hiyo ni kazi. Shirika la Afya Duniani lilishatoa mwongozo 2018, wahudumu wa afya ya jamii walipwe kulingana na kazi na saa zao, tena kwa makubaliano ya maandishi. India wako wanawake karibu milioni 1 wa kazi hii, wanaitwa ASHA, mpango ulianza 2005 na mpaka leo wanahesabiwa wa kujitolea wanaopewa motisha. 2022 wakapewa tuzo na Shirika hilohilo, makofi yakapigwa, na maandamano ya kudai mshahara hayakuisha.

We andika kila safari na nauli yake, kaa na wenzako mpeleke barua moja yenye majina yote, sio kila mtu kwenda kunong'ona kivyake. Na karatasi ya posho ambayo sehemu ya kiasi iko wazi USISAINI. Kuna watu wanasainishwa wanapewa nauli ya kurudia, halafu nyuma yao kinajazwa kingine kabisa.

Nijitolee wapi nilipwe vizuri?

Hiyo inaitwa kutafuta kazi, na swali hili mnalileta kila wiki.

Kwenye kikundi kila mtu ananiletea matatizo yake, usiku silali.

Sikiliza, lakini usiwe peke yako. Tafuta mwenzako mmoja mpokezane, na ikifika usiku simu izime. Mambo ya kupigwa au mtoto kuumizwa usiyafiche kifuani eti siri ya kikundi, peleka kwa mamlaka husika, na mwende wawili.

Mume anasema nikienda kwenye kikundi nyumba inalala.

Kwani hiyo nyumba ina mwenye mikono mmoja? Shirika la Kazi Duniani 2018 lilikadiria asilimia 76.2 ya saa zote za malezi na kazi za nyumbani zisizolipwa ni za wanawake, sasa ukiongeza na za jamii juu yake lazima uanguke. Usiamke mapema zaidi ili umalize vyote, kabidhi hata kimoja kwa mtu mwingine humo ndani. Na mwenyekiti akipanga kikao saa za kupika mwambieni asogeze, maana yeye kwake kuna mtu anampikia.