Muulize Fundi: Excel imekula namba za NIDA

SWALI: Kaka Fundi shikamoo. Mimi ni katibu wa kikundi cha kukopeshana huku Morogoro, tuko watu 46. Nimekesha siku mbili naingiza simu na namba za NIDA (za kitambulisho cha taifa) kwenye Excel, macho yako kwenye fomu sio kwenye skrini, nikaseivu nikalala. Asubuhi nafungua, simu zote hazina sifuri ya mbele na kwenye NIDA kumeandikwa 1.98704E+19, yani mama wa watu kageuka hesabu ya fizikia! Nikapanua kolamu namba ikatoka ndefu nikashukuru, kuangalia vizuri zote zinaishia na sifuri tano. Mwenyekiti anasema nimechezea data. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole, na mwenyekiti mwambie hujachezea kitu. Excel kazi yake mahesabu, ikikuta tarakimu tupu inajua hiyo ni pesa, na nani anaandika bei ya mchele 03000? Kwako 0754 ni simu ya mtu, kwake ni milioni mia saba na kitu, kwahiyo sifuri ya mbele inaikata.

NIDA ndio msiba wenyewe. Namba ina tarakimu 20, Excel inashika 15 tu, kuanzia ya 16 inapachika sifuri. Na haikuulizi! Hapo ndipo inaponiudhi mimi, maana ukifunga faili hujaseivu inakuuliza vizuri tu, ila hapa inakula tarakimu tano za mtu imenyamaza kimya. Kama kuna uliowaandika na vistari kama kwenye kitambulisho waangalie, hao watakuwa wazima, kistari kinafanya ione ni maandishi.

Simu ni rahisi: kolamu ya pembeni andika ="0"&B2 (kama simu ziko B) halafu vuta mpaka chini. NIDA rudi kwenye fomu, hakuna njia, zile tano hazipo popote kwenye faili, hata fundi akikuambia mpe elfu ishirini azirudishe usimpe. Safari hii kabla hujaandika chochote chagua kolamu nzima, pale juu palipoandikwa "General" weka "Text", ndio uanze. Ukibadilisha baadae haisaidii. Utaona kona ya kila kisanduku ina pembetatu ya kijani, inalalamika kwamba namba imekaa kama maandishi na inajitolea kukugeuzia. Usiikubalie.

Na usione aibu. Mwaka 2020 wanasayansi wanaosimamia majina ya jeni za binadamu walitangaza wamebadilisha baadhi, MARCH1 ikawa MARCHF1, sababu Excel ilikuwa inaigeuza tarehe 1 Machi. Jeni ndio imehama jina, programu imebaki palepale! Mpaka 2023 ndio Microsoft wakaleta sehemu ya kuzima huu ujuaji, iko File, Options, Data, unatoa tiki za "Automatic Data Conversion". Ila laptopu ya kikundi ikiwa na Excel ya zamani hutaiona, tumia ile ya "Text".

SWALI: Ndugu Fundi, niko Mombasa. Nikiandika 3/4/1990 Excel yangu yasema ni Machi, lakini 13/4/1990 yaiacha vilevile. Ni virusi?

JIBU: Hapana, kompyuta yako inasoma tarehe Kimarekani, mwezi kwanza. Mwezi wa 13 haupo ndio maana ile ya pili imeshindwa ikaiacha kama maandishi, angalia imeegemea kushoto wakati mwenzake yuko kulia. Ingia kwenye setingi za Windows, sehemu ya "Region", weka Kenya au Uingereza. Ulizokwisha andika hazitajirekebisha, na zile za kushoto zisikutishe maana zinaonekana, kagua na karatasi zote za kulia ambazo siku yake ni 12 kushuka chini.