Makande: maharage yamepondeka, mahindi bado magumu
Hapo tatizo ni kuyatia sufuriani kwa pamoja. Mahindi ya kukoboa vikombe 2, loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha chemsha peke yake kama saa moja na nusu. Punje zikianza kupasuka ndipo utie maharage kikombe 1, nayo yawe yamelowekwa. Maji yakipungua ongeza ya moto. Nyanya zisubiri hadi maharage yaive kabisa, maana uchachu wake huyafanya yagome kulainika. Magadi? Kipande kama punje ya hindi kinatosha. Ukizidisha unakula sabuni. Tui zito linaingia mwisho, moto mdogo, ukikoroga mfululizo, la sivyo linakatika.