Kabla hatujalaumu halmashauri: ushauri kwa kamati za shughuli Mtwara

Minada ya korosho ikishaanza na fedha zikaingia kwenye akaunti za wakulima, Mtwara nzima huchangamka. Kuanzia Novemba mpaka Januari ni nadra kupita mtaa usikute turubai: huku harusi, kule anatolewa mwali, kule wanarudi watoto wa jando. Mimi ni mtu wa shughuli. Nimekaa kwenye kamati za ndugu, za majirani na za kazini, karibu kila mara upande wa chakula na vinywaji, na nikiitwa tena nitakwenda. Nasema hivi mapema ili nisidhaniwe nataka watu wasifurahi na fedha yao waliyoitolea jasho.

Ninachotaka kusema ni kwamba takataka ninazoziona ufukweni Shangani na kwenye mikoko ya Mikindani nazifahamu. Ni za kwetu, na nyingi tulizinunua kwa kujivunia. Chupa ya maji, sahani ya kutupa, mapulizo, rasta, pampasi, mabaki ya vitambaa vya sare: hivyo vyote ni vitu ambavyo mtu akiwa navyo anahesabika kuwa na uwezo, na asipokuwa navyo anaona watu watamsema. Ndiyo maana naona suala hili tulizungumze sisi wenyewe, kwa sababu hakuna afisa afya atakayekuja kukuchagulia maji ya kuwapa wageni.

Tatizo letu linazidishwa na kalenda. Huku kusini tuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza kati ya Novemba na Desemba na kwenda mpaka Aprili. Maana yake mvua kubwa zinatukuta katikati ya shughuli. Turubai linashushwa Jumapili jioni, takataka zinasukumwa kando ya mtaro au kwenye kiwanja kisichojengwa, na kabla gari la taka halijapita mvua inashuka usiku. Asubuhi eneo liko safi kabisa, wenyeji wanashukuru. Lakini maji yale yamekwenda baharini na kila kitu.

Nendeni Mikindani maji yakiwa yamekupwa, hasa siku za bamvua, mkaangalie chini ya mche wa mchu, aina mojawapo ya mikoko. Utaona tope limejaa vimizizi vyembamba vilivyosimama wima, vinatokeza kimo cha kidole au zaidi. Mchu unapumua kwa vile, kwa kuwa lile tope halina hewa. Sasa angalieni kilichonasa juu yake: nailoni zilizotanda na kushikwa na matope, mfuko juu ya mfuko. Mahali nailoni zimelala kwa wingi, vimizizi vilivyo chini vimefunikwa na havipati hewa. Akina mama wanaokwenda kuokota kombe na chaza wanazichomoa kwa jembe kila hatua mbili. Na mikoko ndipo kamba na samaki wengi wanapokulia wakiwa wadogo, kwa hiyo tunachokifunika pale ni kitoweo chetu wenyewe. Huko mbele kidogo, kuanzia Msimbati kwenda mdomo wa Mto Ruvuma, tuna hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 2000, na kasa wanapanda mchanga kutaga. Kasa humeza nailoni inayoelea akidhani ni yavuyavu.

Wapo watakaosema watu wetu hawabadiliki. Mimi siamini. Tarehe 1 Juni 2019 serikali ilipiga marufuku mifuko ya rambo, na kukutwa nao tu ni faini kuanzia shilingi 30,000 mpaka 200,000, au kifungo kisichozidi siku saba. Kabla ya hapo kila mtu aliapa kwamba soko haliwezi kwenda bila rambo. Lilikwenda. Kabla yake, Machi 2017, pombe za viroba nazo ziliondolewa, na vile vifuko vilivyokuwa vimetapakaa kila kijiwe cha bodaboda vikapotea. Ila tusijidanganye kuhusu ile mifuko mbadala ya rangi rangi tunayopewa sasa. Inafanana na kitambaa, lakini iliyo mingi ni plastiki aina ya polipropilini. Faida yake ni kama utaitumia mara nyingi. Ukiitupa baada ya safari moja, umetupa plastiki nene kuliko rambo. Kikapu cha ukindu kipo, kinasukwa na wanawake wa huku huku, na kinabeba samaki, nazi na muhogo bila kuchanika.

Sasa nirudi kwenye kamati, maana huko ndiko nina la kusema zaidi.

Maji ya chupa ndiyo ya kwanza. Shughuli ya wageni 300, ukipiga hesabu ya chupa mbili kwa kila mgeni, ni chupa 600, na kwa joto la Desemba mbili hazitoshi. Nusu yake huachwa zikiwa na maji kwa sababu mtu alikunywa mafunda mawili akasahau alipoiweka. Tunachofanya sasa kwenye kamati ninazokaa ni kuchukua maji ya madumu ya lita 20, yale ambayo dumu linarudishwa dukani, na kuyaweka kwenye ndoo kubwa zenye bomba, na glasi za kukodi pembeni. Vijana wawili wanazunguka na majagi. Glasi zinaoshwa na akina mama wanaolipwa kwa kazi hiyo, na fedha yao inatoka kwenye kile tulichookoa kwenye chupa. Kwa hiyo fedha ya shughuli inabaki mtaani, kwa mtu aliyefanya kazi.

Kikwazo hakikuwa bei. Shangazi mmoja, mtu mzima ninayemheshimu, alinivuta pembeni kwenye kikao akaniambia, "Mwanangu, maji ya ndoo ni ya msibani. Watu watatusema."

Nikamwambia, "Shangazi, tukiweka ndoo chafu na kikombe kimoja cha bati, watatusema kweli. Tukiweka glasi zinazong'aa, maji ya baridi na vijana waliovaa vizuri, nani atasema?"

Alikubali kwa shingo upande. Ushauri wangu basi ni huu: usipeleke hoja ya mazingira peke yake kwenye kikao. Peleka na mpango wa namna mambo yatakavyopendeza. Watu wa kwetu hawakatai usafi wala hawakatai bahari. Wanaogopa aibu, na aibu ni kitu cha kweli, ni lazima uishughulikie.

Kuhusu chakula, pwani hatuna haja ya kufundishwa. Sinia la pilau linakalisha watu watano au sita, wanakula na kuzungumza, likiisha linaoshwa. Siku hizi sinia limeachwa kwa wazee walioketi kwenye majamvi, vijana wanapewa sahani za plastiki na vile vifungashio vyeupe vya povu. Povu lile ndilo baya kuliko yote. Ni jepesi, upepo unalibeba, linavunjika vipande kama punje za mchele na haliozi, na ukishafika hapo hakuna anayeweza kuliokota tena. Kama wageni ni wengi na masinia hayatoshi, kodi sahani. Kwa anayetaka kubeba chakula cha nyumbani, tangazeni mapema kwamba kila mtu aje na bakuli lake. Wanawake wa Mtwara tunajulikana kwa kubeba vibakuli kwenye mikoba, kwa nini tujifiche?

Sare nayo tuitazame. Mtu mmoja kwenye msimu mmoja anaweza kutakiwa ashone sare tatu au nne, kila moja rangi yake, na vitambaa vingi vya bei nafuu ni poliesta, yaani plastiki iliyofumwa. Ikishapigwa picha haivaliwi tena kwa sababu "watu wameshaiona". Kila ikifuliwa inaachia nyuzi ndogo zisizoonekana zinazokwenda na maji machafu. Na vipande vinavyobaki kwa fundi vinachomwa nyuma ya banda. Pendekezo langu kwenye vikao huwa ni doti ya khanga ya pamba. Inapendeza, inafanana kwa wote, na baada ya shughuli utaifunga jikoni, utambebea mtoto, utajifunika safarini. Mwenye kutaka kushona, ashone juu ya khanga hiyo hiyo.

Mapambo sitayazungumza sana. Makuti mabichi ya mnazi yaliyosukwa mlangoni, majani ya mgomba, asmini kwa bibi harusi: haya yalikuwepo kabla ya mapulizo, na yakinyauka mbuzi anakula au yanaoza. Mapulizo yanapasuka kabla hata bwana harusi hajaingia.

Rasta na mawigi najua nikiyagusa nitaambiwa nawaonea wanawake wenzangu. Sisemi msisuke. Nasema mjue kwamba zile nyuzi ni plastiki, ndiyo maana msusi anazichovya kwenye maji ya moto au kuziunguza ncha zikashikana. Zinapofumuliwa hazina pa kwenda. Zinajiviringisha kwenye miguu ya kuku na kuziba mitaro. Kama saluni unayokwenda inazichoma uani, mwombe msusi azikusanye kwenye kiroba kwa ajili ya gari la taka. Plastiki nyingine zina klorini ndani yake, na zikichomwa kwenye moto mdogo wa uani hutoa sumu iitwayo dioksini, inayohusishwa na saratani. Anayeivuta wa kwanza ni msusi mwenyewe, na pengine mtoto aliyelala mgongoni kwake.

Kuna jambo ambalo halitokani na shughuli moja, lakini linaniumiza kuliko yote: pampasi.

Duka la mtaani linauza pampasi moja moja, na mama mdogo aliyejifungua anaona aibu kuonekana na mtoto aliyefungwa winda. Amechekwa kliniki, amechekwa kwenye daladala. Basi kipato kidogo kinakwenda kwenye pampasi, nne au tano kwa siku. Ukiipasua moja utaona ilivyo: juu na chini ni plastiki, katikati kuna nyuzi laini kama pamba zilizochanganywa na unga unaofyonza maji na kugeuka kuwa kama uji mzito. Ikitupwa chooni haiozi, inavimba. Shimo ambalo lingekaa miaka mingi linajaa haraka, na gari la kunyonya choo nalo linakwama. Kuichoma wengi mtaani kwetu hawataki, wanasema mtoto atababuka makalio. Kwa hiyo inafungwa kwenye nailoni na kutupwa usiku kwenye kiwanja cha mtu, mbwa wanaipasua, mvua inaichukua, na kile kinyesi cha mtoto kinakwenda na maji yale yale wanayochezea watoto wa jirani.

Nimewalea wanangu kwa winda, na wajukuu wa dada yangu tunawalea hivyo hivyo. Inawezekana, ila ipangwe. Chukua khanga za pamba zilizochakaa, zile laini, ukate na kukunja vipande ishirini au zaidi, ili mvua ikinyesha siku mbili usikwame. Weka ndoo mbili zenye mifuniko: moja ya winda za mkojo, moja ya zile zenye kinyesi, ambazo kinyesi chake kinamwagwa chooni kwanza. Fua kila siku, usilimbikize. Zichemshe mara moja moja, na uzianike juani, maana jua la Mtwara linaua vijidudu na harufu. Na sikatazi pampasi moja ya usiku au ya safari ya basi kwenda Dar es Salaam. Kutoka tano kwa siku mpaka moja ni tofauti kubwa kwa mfuko wako na kwa mtaa wako, na mtoto anawahi kujua kwamba amelowa, jambo linalosaidia akifika umri wa kufundishwa poti.

Kuhusu mkaa nitasema kwa kifupi. Kwenye tanuru la kienyeji, kilo 1 ya mkaa hula kilo 5 mpaka 10 za kuni, na miti hiyo inatoka misitu ya Lindi na ya kwetu. Serikali ina mkakati unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Wakati tunausubiri utufikie sote, loweka mbaazi na maharage usiku kucha, funika sufuria, na jiko la udongo lenye ukingo mzuri lichukue nafasi ya lile la bati lililotoboka.

Nimeshaambiwa kwamba halmashauri ndiyo yenye kosa, haileti magari ya kutosha. Kudai magari ni haki yetu na tuendelee kudai kwenye mikutano ya mtaa. Nimeambiwa pia kwamba nchi tajiri ndizo zinazoharibu hali ya hewa ya dunia, sisi mchango wetu ni mdogo mno. Ni kweli kabisa. Lakini ile nailoni iliyolala juu ya mizizi ya mchu Mikindani haikutoka Ulaya. Imetoka Magomeni na Chikongola za hapa hapa Mtwara mjini, kwangu na kwako, na aliyeilipia ni mmoja wetu.

Kwa walio na shughuli msimu huu: suala la maji na vyombo liingizwe kwenye kikao cha kwanza kabisa, kabla bajeti haijasomwa. Kikao cha tatu mwenyekiti wa vinywaji atakuwa ameshatoa kianzio kwa muuza maji, na hapo utaonekana mkorofi. Masinia na glasi za kukodi mziwekee kianzio Septemba, mwisho Oktoba, kwa sababu minada ikishachanganya hutapata vyombo mjini. Na mpishi aambiwe mapema idadi ya masinia, apange vipimo vyake vya mchele.