Jibu: Wateja wanaouliza bei kisha kimya

Habari dada. Umesema unaoka keki hapo Kisasa, Dodoma, na wanaokutafuta wanauliza bei, wanaomba punguzo, kisha kimya.

Anza na status yako ya WhatsApp. Hizo picha ni za keki zako, au za kuokota mtandaoni? Mimi nashona Majengo. Bango langu lilisema "tunashona nguo aina zote", nikapata watu wa aina zote kweli, hasa wa "fundi, naitaka kesho". Nikabadilisha: "Suti za ofisini. Siku kumi. Sikimbizwi." Mama mmoja alininunia, ila watumishi wa Mtumba, kwenye ofisi za serikali, wakaanza kuja, na hao bei hawasumbui.

Wewe mcheshi, hata swali lako limenichekesha. Andika hivyohivyo, na bei ya kuanzia iweke wazi. Matangazo ya kulipia sijawahi kuyajaribu.