Maswali ya wasomaji: Tunataka kwenda msituni Kondoa, tuanzie wapi?

SWALI: Habari za kazi anko, hongera kwa ukurasa wako huu tunausoma sana ofisini. Sisi tuko watu kumi na kitu tunafanya kazi pamoja hapa Mtumba, kila mwisho wa mwaka wa fedha tunatoka kidogo na safari hii tumechoka kukaa hotelini tunaangaliana, tunataka twende msituni, msitu wa ukweli wa miti migumu, mininga na mipingo, sio misonobari. Tutembee, tupige picha, tuchome nyama na ikiwezekana tulale kwenye mahema. Sasa mwenzetu mmoja anasema msitu wa serikali ni mali ya wananchi unaingia tu, mwingine anasema tutakamatwa. Afu kuna wanaotaka kubeba spika na gunia la mkaa. Twende wapi, mwezi gani, na tuanzie kwa nani?
Msomaji, Ilazo, Dodoma

JIBU: Salama kabisa dada yangu. Huyo wa kukamatwa ndo yuko karibu na ukweli. Misitu ya hifadhi ya serikali kuu inasimamiwa na TFS, yani Wakala wa Huduma za Misitu, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imeweka mambo mengi ya mle ndani kuwa ya kibali, kukata mti, kuwasha moto, kulisha mifugo, hata nyie wa kupumzika mnatakiwa kuomba kibali. Nia yenu najua ni njema, lakini kosta iliyosimama pembeni ya msitu saa nane mchana na gunia la mkaa juu yake, askari wa misitu atajuaje kwamba mkaa umetoka sokoni Majengo na haujachomwa humo humo?

Kwa hiyo mnaanzia ofisi ya TFS ya wilaya mnayokwenda, sio geti, maana misitu mingi ya kanda yetu haina geti wala kibanda cha tiketi kama mlivyozoea Mikumi. Mnaandika barua fupi, mko wangapi, siku gani, mnataka kufanya nini, mnaacha namba ya simu. Kama kuna cha kulipia mtapewa kontrol namba mlipie kwa simu au benki. Mtu akikwambia nipe tu mkononi nitawamalizia mimi, shukuru uondoke. Na muombe kabisa mhifadhi wa kwenda nanyi, au kijana wa kijiji cha jirani anayeaminika ofisini, hela ya kumlipa huyo kijana ndio hela yenye maana kuliko zote kwenye bajeti yenu.

Ila kabla ya hapo ujue msitu unaoutaka ni wa nani, hapa wengi wanapotea. Wa TFS nimeshasema. Lakini Swagaswaga, upande wa Kondoa, ni pori la akiba liko chini ya TAWA, yani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, hao taratibu zao ni nyingine kwa sababu kule kuna wanyama. Hifadhi za taifa ni TANAPA. Halafu kuna misitu ya vijiji, hii mnaongea na serikali ya kijiji, ruhusa inatoka kwenye muhtasari wa kikao chao, ukienda na barua ya TFS kijijini mwenyekiti atakuangalia tu.

Mimi kwa kundi lenu ningekwenda Kondoa, vilima vya Irangi. Lami kutoka Dodoma mpaka Babati ipo, mnapita Mayamaya mnanyoosha, Kondoa ni kama kilomita 160, mkitoka saa kumi na mbili asubuhi chai ya pili mnainywa kule. Sababu ya pili ni kwamba mkishaona miti mnaongezea na michoro ya miambani ya Kolo, ambayo UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Kolo nako huingii kienyeji, mnapita ofisi ya kituo pale pale Kolo mnapewa muongozaji, na mjue baadhi ya yale mapango, Mungumi wa Kolo ukiwemo, wenyeji bado wanafanyia matambiko, kwa hiyo mkikuta vitu vimewekwa chini ya mwamba msiviguse wala msivipige picha za kuchekesha.

Na hivyo vilima vina historia yake nyingine ambayo vijana wa ofisini kwenu pengine hawaijui. Miaka ya sabini Kondoa ilikuwa imeliwa na mmomonyoko, makorongo matupu, mpaka mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ukaanza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikatolewa kabisa kwenye eneo lililoharibika. Wafugaji waliumia, hilo tusifiche, kuna familia zilihama na ng'ombe wao. Ila vichaka na miti ilirudi yenyewe, na mkisimama kwenye kilima mtaona makorongo ya zamani yameota miti ndani yake.

Mwezi. Mwaka wenu wa fedha unaisha wa sita, mna bahati. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, mwezi wa nne na wa tano nyasi ni ndefu kuliko mtu na umande unalowanisha mpaka magotini, mwezi wa sita na wa saba nyasi zimeanza kulala, majani bado yapo, njia zinapitika. Baridi tu, na ule upepo wa Dodoma mnaujua, bebeni masweta. Wa nane na wa tisa mimi siupendi, majani yamepukutika, moto unatembea, moshi kila upande. Wa kumi joto kali lakini ndio wakati miyombo, ile miti iliyojaa kwenye misitu ya huku, inachipua kabla hata mvua haijanyesha, na yale majani machanga hayatoki ya kijani, yanatoka mekundu mekundu, kilima kizima, wapiga picha wenu wangefurahi sana. Kipindi hicho hicho maganda makavu ya miyombo yanapasuka juani, unasikia ta! juu ya kichwa na mbegu zinaruka, wageni wa mjini wanadhani kuna mtu anawarushia kitu.

Miti yenyewe muombeni mhifadhi awaonyeshe michache tu muijue vizuri, sio kutajiwa majina thelathini. Mninga mtautambua kwa tunda, limekaa kama yai la kukaanga, katikati limetuna na lina miiba miiba ya kuchoma, kuzunguka kuna ubawa mwembamba. Gome likiwa na jeraha utaona utomvu mwekundu umegandia hapo. Mpingo unawashangaza watu, wanategemea jitu kubwa kumbe ni mti mfupi, mara nyingi una mashina kadhaa yaliyopinda, una miiba, ule weusi wote uko ndani kwenye kiini. Unakua polepole mno, unaweza kupita miaka 70 ndio ufikie unene wa kuvunwa, na hicho kiini ndicho wanachochongea vinyago na kutengenezea klarineti huko Ulaya. Na naomba mwenzenu yeyote asisimame chini ya mbuyu akasema huu ndio mti mgumu, mbuyu ni mnene tu, ubao wake ni laini na umejaa maji.

Nyama. Chomeni mjini Kondoa jioni, au mpike nyumbani mbebe kwenye hotpoti. Kiangazi nyasi ni petroli, cheche moja na upepo ule hakuna wa kuuzima, na mkosaji atakuwa ni nyie hata kama mlikuwa na kibali. Spika iacheni. Mnaenda kusikiliza nini msituni kama mmebeba Singeli yenu? Halafu kuna nyuki, na nyuki wa huku hawapendi kelele wala manukato, kwa hiyo wakaka na wadada siku hiyo pafyumu mziache, na mkiona mzinga umening'inia juu ya mti ule una mwenyewe, msiurushie mawe.

Kuhusu mahema, kwa mara ya kwanza laleni gesti mjini. Maji kila mtu lita tatu, sio soda. Viatu vya kufunika vidole na suruali ndefu, kwa sababu ya nyoka na kwa sababu ya upupu, na upupu wa mwezi wa saba ukikushika huulizi mara mbili, unajikuna mpaka mnarudi. Chakula fungeni kwenye vyombo, mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku toka Juni 2019, taka zote mrudi nazo.

SWALI: Mwanangu, mjukuu wangu anakuja likizo na treni ya SGR kutoka Dar, nataka nimpeleke Kolo akaone michoro na mininga. Miguu yangu inauma. Je nitaweza kupanda? Na je naweza kuchukua magome kidogo ya mninga, sisi tumetumia dawa hiyo toka kwa wazee wetu.
Mzee, Kibaigwa

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Kolo gari yenye nguvu inasogea mpaka mahali fulani, halafu mnapanda kwa miguu, tena ni mawe na mteremko sio njia ya kutandazwa. Mwambie muongozaji toka ofisini kwamba una shida ya miguu akuchagulie mwamba ulio karibu, na kama siku hiyo mguu umekataa basi mjukuu apande naye, wewe ubaki chini kivulini, kijana atakuja na picha kwenye simu. Wakati wa kushuka shika fimbo mzee, kushuka ndiko kunaangusha.

Magome hapana, kwa heshima zote. Ndani ya msitu wa hifadhi ni kosa, na mti ukimenywa kuzunguka shina lote unakufa taratibu umesimama. Kama ni dawa ongea na waganga wa asili waliosajiliwa huko huko Kongwa, au kama kuna mninga kwenye shamba la ndugu umuombe mwenyewe, na hapo nako utoe kipande kidogo upande mmoja tu. Na mguu usiishie kwenye magome mzee wangu, pita na hospitali.

SWALI: Anko, ni kweli mbung'o wanafuata rangi ya nguo? Tumeshashonesha tisheti za bluu za kikundi!!
Msomaji, Chang'ombe

JIBU: Kweli kabisa, bluu iliyokolea na nyeusi ndizo rangi wanazotumia wataalamu kutengenezea mitego ya mbung'o, sasa nyie mnajipeleka wenyewe. Tisheti zivaeni kwenye picha ya stendi Nanenane kabla ya kuondoka, msituni vaeni kaki au kijani iliyofifia, mikono mirefu, na vioo vya gari mfunge mkiwa mnatembea polepole maana mbung'o anapenda kitu kinachotembea. Anauma hata juu ya shati jepesi. Na mtu akipata homa siku au wiki baada ya safari asinywe tu panadol, aende hospitali na aseme aling'atwa na mbung'o na wapi.